Rosa au Nyasha: tuanze na yupi?

Kikundi chetu cha kusoma hukutana Jumamosi jioni hapa Kihesa, Iringa, sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu. Tuko kumi na wawili: walimu, wauguzi wawili, mama anayeuza vitenge sokoni, na vijana watatu wa chuo ambao mwaka huu wanatafuta mada za tasnifu. Juni hii, kila mtu akiwa amejifunika shuka na kushika kikombe cha chai ya tangawizi, tulikubaliana jambo moja: tusome riwaya ya mwanamke aliyevurugikiwa moyoni, tuisome polepole, na tujiulize maswali ya kisaikolojia badala ya kukimbilia funzo.

Majina mawili yakabaki mezani. Moja ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. La pili ni Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, ambamo wengi humtaja Nyasha. Vijana waliniomba niandike tofauti zao ili tuchague. Nimeandika, na katika kuandika nimebadili msimamo niliokuwa nao siku ile. Nitataja miisho ya vitabu vyote viwili, kwa hiyo anayetaka kuisoma mwenyewe kwanza aishie hapa.

Hadithi zenyewe

Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na Rosa Mistika ilitoka 1971, miaka kumi baada ya Uhuru. Kwa muda ilizuiwa shuleni kwa sababu ilisema waziwazi mambo ya kujamiiana ambayo watu wazima walitaka yasemwe kwa kuzunguka. Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi, na Regina, mama anayebeba nyumba mgongoni. Baba anagundua barua ya kijana Charles, na Rosa anapigwa vibaya. Kutoka hapo anawaogopa wanaume. Anakwenda shule ya bweni, anakutana na mwanamume aitwaye Deogratias, kisha chuo cha ualimu Morogoro, na kidogo kidogo anayapitia yote aliyokatazwa, hadi kutoa mimba. Anapotaka kutulia, Charles yuleyule wa barua anarudi kumchumbia. Akigundua kwamba Rosa si bikira, anamwacha. Rosa anajiua.

Nervous Conditions ilitoka 1988. Dangarembga aliwahi kuanza masomo ya udaktari Cambridge, akarudi nyumbani, akasoma saikolojia Chuo Kikuu cha Zimbabwe, na mtu akijua hilo anaelewa kwa nini kitabu kinaujua mwili wa mgonjwa kwa karibu namna ile. Msimulizi ni Tambudzai, Tambu, msichana wa kijijini katika Rhodesia ya walowezi, Zimbabwe ya leo. Kaka yake anafariki mwaka 1968, na kifo hicho ndicho kinachomfungulia mlango wa shule: anachukuliwa kwenda kuishi misheni kwa ndugu ya baba yake, mkuu wa shule, msomi wa Uingereza, anayelipia ukoo mzima. Huko anamkuta Nyasha, binti wa nyumba hiyo, aliyekulia Uingereza miaka kadhaa na kurudi akiwa hafai huku wala kule. Nyasha anapigana na baba yake, anakataa chakula, anatapika anachokula, na mwisho anararua kitabu cha historia kwa meno. Anapelekwa kliniki. Ukurasa wa mwisho unamwacha hai, na hatujui itakuwaje.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna zawadi ndogo ndani ya kitabu hiki. Huyo baba wa Nyasha anaitwa Babamukuru tangu mwanzo hadi mwisho. Msomaji wa London anahitaji maelezo. Sisi hatuhitaji: ni baba mkubwa, na mkewe Maiguru ni mama mkubwa. Kwa hiyo Nyasha kwa Tambu si binamu kama wanavyoandika wachambuzi wa Kiingereza. Ni dada. Tofauti hiyo inabadilisha uzito wa kila kitu kinachotokea kati yao, kwa sababu dada akiugua huwezi kumtazama kama mtu wa pembeni.

Baba mlevi na baba mwema

Hapa ndipo ulinganisho unaponishika zaidi.

Zakaria ni rahisi kumchukia. Anakunywa, anapiga, anakula jasho la mke. Kila Mtanzania anamjua Zakaria wake, na huku kwetu msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukipamba moto tunawaona wakirudi jioni wakigusa kuta za njia. Babamukuru ni kinyume chake. Hanywi. Anafanya kazi kama punda. Kila ndugu aliyevaa kiatu amevalishwa na yeye. Na ndiye anayempiga Nyasha usiku ule wa dansi, anamwita malaya kwa sababu alibaki nyuma akizungumza na kijana wa Kizungu. Nyasha anamrudishia ngumi.

Nilipokieleza kikundi juu ya baba hawa wawili, yule mama wa vitenge alisikiliza hadi mwisho akaweka kikombe chini. "Mwalimu, mlevi ana afadhali," alisema. "Mlevi unamkimbia usiku, asubuhi majirani wote wako upande wako. Huyu anayekulipia ada utamkimbilia nani?"

Sijasoma uchambuzi wa kitabu hicho unaolisema jambo hilo vizuri kuliko yeye. Katika nyanda hizi, kuanzia Makambako hadi Tukuyu, koo nyingi zimesimama juu ya mtu mmoja aliyesoma: baba mkubwa mwalimu, shangazi muuguzi, kaka wa TRA. Watoto wa wadogo zake wanakwenda kuishi kwake. Wanafundishwa kushukuru kabla hawajafundishwa kusoma. Hasira ya mtoto huyo inakosa mahali pa kwenda, maana kumkasirikia mfadhili ni dhambi. Ikikosa njia ya nje inageukia ndani.

Rosa ana njia ya nje. Akiwa mbali na Namagondo, fimbo ya Zakaria haimfikii, naye anafanya kila kilichokatazwa. Wengi husoma hapo kwamba malezi ya kufungiwa yalimharibu, na riwaya yenyewe inawapa sababu ya kusema hivyo. Mimi naongeza kitu kimoja. Barua ya Charles ilikuwa penzi la kwanza na kipigo cha kwanza kwa wakati mmoja. Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchunguzi wa nafsi, angesema vitu hivyo viwili viliungana katika ung'amuzi bwete wa msichana yule, pale chini ambapo fahamu haifiki, na kwamba mtu hurudia jeraha lake bila kujua analirudia. Tazama basi ni nani anayemhukumu mwishoni. Ni Charles, mwandishi wa barua. Duara limefunga pale pale lilipoanzia, na safari hii mwenye fimbo ni yule aliyependwa.

Kwa anayependa usomaji wa Freud, wa familia, wa baba na binti, Rosa ana chakula kingi. Nyasha hatoshi kusomwa hivyo peke yake. Ukimfungia kwenye ugomvi wa baba na binti unapoteza nusu ya kitabu.

Mwili unasema nini

Watu wakisikia "Nervous Conditions" hukimbilia Nyasha na sahani yake. Ninawaelewa. Ile meza ya chakula haisahauliki: baba anaamuru sahani imalizwe, binti anameza yote haraka huku kila mtu akiangalia chini, kisha anaondoka kwenda bafuni. Katika nyumba iliyojaa nyama na siagi, wakati kijijini kwa Tambu watu wanahesabu mahindi, msichana anakataa kumeza. Anachokikataa si chakula tu. Ni kila alichopewa pamoja nacho: adabu, shukrani, mitihani, Uingereza.

Lakini ukurasa ninaourudia kila mwaka ni wa Tambu.

Babamukuru ameamua kwamba wazazi wa Tambu, walioishi pamoja miaka yote hiyo na kuzaa, wafunge ndoa kanisani ili familia iondokewe na mikosi. Mama atavalishwa shela mbele ya watoto wake mwenyewe. Tambu anaona aibu, lakini hasemi neno, maana yeye ndiye mtoto anayeshukuru kuliko wote. Asubuhi ya harusi anaamka na mwili haunyanyuki. Si kwamba anagoma. Anataka kusimama na misuli haitii. Nyasha anaingia, Babamukuru anaingia, anafoka, na Tambu anajiona ametoka ndani ya mwili wake, amesimama miguuni mwa kitanda, anawatazama wanavyohangaika na yule aliyelala. Hatimaye sauti inamtoka: hataki kwenda harusini. Anachapwa, na kwa wiki mbili anafanya kazi za msichana wa ndani. Na hizo kazi anazifanya kwa furaha fulani ya ajabu, kama mtu anayelipia kitu cha thamani alichokinunua.

Mmoja wa wauguzi wetu, aliyewahi kufanya kazi wodi ya wagonjwa wa akili, alisema ameona wasichana wanaletwa hivyo hospitalini: miguu haitembei, vipimo vyote safi, na nyumbani wameshasema ni mapepo au ni uvivu. "Swali la kwanza," alisema, "ni hili: kesho yake alitakiwa aende wapi?"

Rosa hana ukurasa kama huo. Mwili wake katika riwaya ni mwili unaotamaniwa, unaopigwa, unaotoa mimba, unaokaguliwa na Charles. Tunauona kwa nje. Hilo si kosa la mwandishi mchanga, ni namna ya kusimulia aliyoichagua, na inatupeleka kwenye tofauti ambayo kwangu ndiyo inayoamua.

Nani anamsikia

Rosa anasimuliwa na msimulizi wa nafsi ya tatu anayejua yote. Anamhurumia, lakini pia anamweka kizimbani. Ndani ya hadithi hakuna mtu hata mmoja anayeketi na Rosa kumwuliza, mwanangu, ndani kwako kukoje? Mama anampenda, lakini mama mwenyewe anazama. Kwa hiyo msomaji analazimika kuifanya kazi hiyo, kusikia kile ambacho kijiji kizima hakikusikia. Ni kazi nzuri, na ni ngumu.

Ugumu wenyewe nimeuona. Kikundi rafiki cha Uyole, Mbeya, kiliisoma Rosa Mistika mwaka jana, nami nikapanda basi kwenda kikao chao cha mwisho. Kilikuwa mahakama. Nusu walimshtaki Zakaria, nusu walimshtaki Rosa, kaka mmoja akamshtaki Charles peke yake na akapigiwa kelele. Saa mbili zikaisha tukigawana lawama, na Rosa mwenyewe hakuwemo chumbani. Kitabu kinachosimulia kama hakimu huwavuta wasomaji wake kuwa mahakimu.

Nyasha ana Tambu. Tambu anamwogopa, anamwonea wivu, anamsikia usiku akihangaika kwenye kitanda cha pili, na hakimbii. Hamwelewi kila mara. Mara nyingine anamsaliti kwa ukimya, na anakiri. Ukisoma sauti hiyo kwa miezi unaanza kujifunza usikilizaji wake. Nyasha anapopasua kitabu cha historia akisema wametunasa, Tambu hatoi jina la ugonjwa. Anakaa naye.

Kisha wanampeleka kwa daktari wa akili Salisbury, Harare ya leo, na daktari Mzungu anawaambia kwamba haiwezekani: Waafrika hawaugui kwa namna wanayoieleza. Anajifanya tu.

Hiyo sentensi haikutoka hewani. J. C. Carothers, daktari aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, wakati wa ukoloni, aliandika kwamba akili ya Mwafrika wa kawaida inafanana na ya Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ni nadra kwetu. Kitabu chake kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953. Mwaka huohuo Frantz Fanon, daktari wa akili mzaliwa wa Martinique, alianza kazi katika hospitali ya Blida-Joinville huko Algeria, akawakuta wagonjwa ambao Carothers angesema hawapo. Alijiuzulu 1956. Mwaka 1961, mwaka aliofariki akiwa na miaka 36, kilitoka kile kitabu tunachokijua kwa Kiswahili kama Viumbe Waliolaaniwa, na ndani yake anamtaja Carothers na kumpinga. Sura yake ya vita vya kikoloni na magonjwa ya akili ni ripoti za mgonjwa mmoja mmoja, zimeandikwa kwa utulivu unaoumiza. Nakala yangu imeliwa na mende pembezoni lakini sura hiyo imebaki nzima.

Jina la riwaya ya Dangarembga limechukuliwa kwenye utangulizi wa kitabu hicho, ulioandikwa na mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre, anaposema kwamba hali ya mtawaliwa ni hali ya neva zisizotulia. Kwa hiyo anayetaka kutumia Fanon katika tasnifu hana haja ya kumlazimisha. Kitabu kimeshamkaribisha mlangoni.

Na hapo ndipo ninapowaonya wale vijana watatu. Nimesoma kazi nyingi za wanafunzi ambamo Nyasha anageuka ushahidi: Fanon alisema hivi, Nyasha akatapika, kwa hiyo Fanon yuko sahihi. Msichana anapotea, inabaki nadharia. Kama unataka kuandika kitu ambacho msimamizi wako hajakisoma mara ishirini, mwache Nyasha apumzike. Andika juu ya Tambu. Anaanza kitabu kwa kusema hakusikitika kaka yake alipofariki, anapita madarasa yote, anafika shule ya masista wa Kizungu ambako wasichana Waafrika wamebanwa chumba kimoja, na hakuna anayemdhania mgonjwa. Mtu ambaye jeraha lake linaonekana kama mafanikio ndiye mgumu kumsoma. Wana Iringa mna sababu ya ziada: majengo mnayosomea pale Mkwawa yalijengwa miaka ya 1950 kuwa shule ya watoto wa Kizungu, St Michael's and St George's, kabla hayajawa Sekondari ya Mkwawa na baadaye chuo kikuu kishiriki. Tambu anasimulia hisia za kuingia katika majengo ya namna hiyo, na ninyi mnapita kwenye korido hizo kila asubuhi.

Jambo la kwetu

Sasa niseme kilichonibadilisha msimamo.

Nilikuwa upande wa Rosa. Hoja zangu zilikuwa nzuri na bado nazishikilia: ni Kiswahili, ni chembamba, kila mtu atasoma mwenyewe bila mkalimani. Nilitaka pia tujizoeze kuyataja mambo ya nafsi kwa maneno yetu, kiwewe, sonona, uchungu, fadhaa, badala ya kuazima kila kitu. Kuhusu ukoloni, ningesema hata humo upo, ingawa Mzungu haonekani sana. Upo katika shule ya bweni, katika hilo jina la Kilatini la Bikira Maria alilobebeshwa msichana, na katika baba aliyewahi kuwa mwalimu, akashindwa, akahamishia kushindwa kwake kwa mke na watoto. Fanon ameeleza vizuri jinsi mtu aliyekandamizwa anavyomgeukia wa karibu yake kwanza.

Lakini Rosa anajiua, na sisi tunasomea Iringa.

Nchi nzima inaujua utani kwamba Mhehe, mwenyeji wa hapa Iringa, akiudhiwa anajinyonga. Nimeusikia kwenye basi, nimeusikia harusini, nimeusikia hata msibani, ukisemwa na watu wema wanaodhani wanachangamsha. Ni ileile kazi ya Carothers: kabila zima linapewa ugonjwa mmoja, na baada ya hapo hakuna haja ya kumwuliza marehemu alikuwa na nini. Mtu akifa hivyo huku, maelezo yako tayari kabla mwili haujaoshwa. "Si unawajua Wahehe." Hapo ndipo kusikiliza kunapofia.

Niliposema mbele ya kikundi kwamba kura yangu ni ya Rosa, nilieleza mwisho wake kwa sentensi moja, kama nilivyoieleza hapo juu. Yule mama wa vitenge hakusema kitu. Alikunja shuka lake mara mbili, akalikunjua, akalikunja tena. Baada ya kikao alinisubiri kwenye geti.

"Mwalimu, mdogo wangu alikufa hivyo. Mwaka wa nne sasa. Mpaka leo watu wakinisalimia sokoni nasikia wanaulizia hilo."

Nikamwambia pole, nikamwuliza angependa tufanyeje.

"Nitasoma chochote," alisema. "Ila nisianze na anayekufa."

Nimefundisha fasihi miaka mingi na sijawahi kupewa kigezo cha kuchagua kitabu kilicho wazi kiasi hicho. Tunapolinganisha riwaya tunauliza juu ya mtindo, nadharia, lugha, urefu. Hatuulizi nani amekaa chumbani.

Basi nani achukue kipi

Kama kikundi chenu ni cha wazazi na walimu na mnataka kuzungumza juu ya malezi ya mabinti, chukueni Rosa, lakini wekeni sharti kwamba kikao cha kwanza hakuna kumlaumu mtu yeyote. Kila mmoja aje na ukurasa mmoja ambapo Rosa alitaka kusema kitu na hakusema. Mkianza na lawama mtamaliza kama wenzetu wa Uyole. Na kabla ya kuanza, mtahadharisheni kila mwanachama kwa faragha kwamba kitabu kinaisha kwa kujiua. Asiwepo wa kukutana nalo ghafla.

Kama wewe ni mwanafunzi na Kiingereza chako kinaweza kubeba kurasa kama 200 za nathari nzito, chukua Nervous Conditions na umshike Tambu. Hadithi yake inaendelea katika vitabu viwili zaidi, The Book of Not cha 2006 na This Mournable Body cha 2018, kwa hiyo unaweza kuona jeraha lilelile likikomaa ndani ya mtu mzima. Ukiandika kwa Kiswahili, na natamani uandike kwa Kiswahili, utalazimika kutafuta maneno, na kutafuta huko ni sehemu ya utafiti wako.

Kama una jeraha lako mwenyewe ambalo bado bichi, anza na Nyasha. Anaugua, anadharauliwa na daktari, na bado yupo. Wakati mwingine msomaji anahitaji hilo tu.

Kuna waliouliza juu ya Elizabeth, yule wa A Question of Power ya Bessie Head, 1973. Ni kitabu kikubwa. Kinakuingiza ndani kabisa ya wazimu, hadi hujui kama wanaume wanaomtesa Elizabeth usiku ni watu au ni ndoto, na kinachomrudisha ni bustani ya mboga anayoilima na wanakijiji wa Botswana. Mkulima wa Njombe angeyaelewa matuta hayo kuliko profesa. Lakini kisiwe cha kwanza. Kitawakatisha tamaa.

Tumechagua Nervous Conditions. Kwa kuwa nusu yetu hawasomi Kiingereza, mimi na kijana mmoja wa chuo tunatafsiri kwa mdomo, sura moja kila Jumamosi, tukipokezana. Wiki iliyopita tulijaribu sentensi ya kwanza. Kijana aliisoma kwa Kiingereza, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Sikusikitika kaka yangu alipofariki."

Chumba kikawa kimya. Muuguzi akauliza kama ametafsiri sawasawa, hakusikitika au hakulia? Tukaanza kubishana juu ya tofauti ya kusikitika na kulia, na juu ya kama dada anaruhusiwa kusema hivyo, na nani angemruhusu. Mama wa vitenge ndiye aliyetunyamazisha.

"Mwacheni amalize," alisema. "Endelea, mwanangu. Kwa nini hakusikitika?"